Dodoso la Nyumba Yake Mwenyewe

Ofisini walimwita Mama Dodoso, naye aliitika bila kinyongo. Angekataaje? Miaka kumi na mmoja amekula kwa kuwauliza watoto wa wenzake maswali ambayo mama zao wenyewe wanayaogopa kama ukoma. Alianza kwa miguu, nyumba hadi nyumba, akiwauliza wasichana wa miaka kumi na tano hadi kumi na tisa habari za miili yao: walivunja ungo lini, nani aliwaeleza, wanajua nini kuhusu mimba, wakiumwa wanakwenda wapi. Magoti yalipoanza kulalamika akapandishwa cheo akawa mkaguzi. Kila dodoso lililojazwa na wadadisi lilipita mezani kwake. Alitazama kama kuna swali limerukwa, akatia saini kwa wino wa kijani, ndipo likaenda kwa mtu wa kompyuta.

Na alikuwa mkali, weee! Mwaka juzi mdadisi mmoja, binti mpole tu, alimnong'oneza mama wa msichana aliyemhoji kwamba mwanawe ana mwanamume. Alidhani anatenda wema. Msichana alipigwa mpaka akakimbilia kwa shangazi yake. Mama Dodoso ndiye aliyeandika barua ya kumfukuza kazi yule mdadisi, na machozi yake hayakumlainisha. Tangu hapo kila kundi jipya la wadadisi liliapishwa naye, mkono juu: "Siri ya msichana si yako. Si ya mama yake, si ya baba yake. Ni yake."

Sasa sikiliza mambo yalivyomgeukia.

Nyumba za utafiti huchaguliwa kwa kuhesabu. Kura ikishaangukia mtaa, unaanza nyumba ya kwanza, na kila ya kumi na mbili unabisha hodi. Hakuna kuruka, hata kama kuna mbwa mkali, hata kama mwenye nyumba ni mdeni wako. Safari hii kura ikaangukia mtaa wake, na ya kumi na mbili ikawa nyumba yake mwenyewe, yenye binti wa miaka kumi na sita ndani. Ofisi nzima ikaangua kicheko. "Haya, mganga leo anagangwa!"

Yeye hakucheka sana. Waliishi wawili tu, yeye na bintiye, tangu baba mtu alipofariki, na kwa miezi miwili mtoto alikuwa amebadilika. Chakula anakidonoa. Bafuni anajifungia. Shule anakosa siku tatu, nne, anasema kichwa. Mama mtu alipiga hesabu zake na jibu likawa moja: mimba. Roho yake ikawa juu juu, usingizi ukamhama.

Si kwamba hakumuuliza. Alimuuliza, tena jikoni, mwiko mkononi. Lakini jamani, mazoea yana taabu! Mdomo ulipofunguka, maneno yaliyotoka yalikuwa haya: "Je, katika miezi mitatu iliyopita, umewahi kukutana kimwili na mwanamume?" Swali la ishirini na tatu, neno kwa neno, kwa sauti ileile iliyonyooka ambayo wadadisi hufundishwa ili msichana asijione anahukumiwa. Kilichokosekana ni kalamu tu. Binti akamtazama kama anayemtazama mgeni. "Hapana," akasema, akaacha sahani yake na kutoka.

Jumatatu akaja Mrefu, mdadisi wa kike aliyeitwa hivyo kwa sababu alilazimika kuinama kwenye kila mlango. Mama Dodoso alitia saini ya mzazi, kisha akatoka nyumbani kwake kama kanuni inavyotaka, akaenda kuzunguka sokoni saa nzima bila kununua hata kitunguu. Jioni dodoso likaletwa ofisini. Kanuni ilikuwa wazi hapo pia: mkaguzi hagusi karatasi ya ndugu yake. Mkaguzi wa pili alikuwa likizo mpaka Ijumaa, kwa hiyo alilifungia kabatini kwa mkono wake mwenyewe.

Ufunguo alikuwa nao yeye. Jumanne alistahimili. Jumatano, wenzake walipokwenda kula, akafungua.

Msimlaumu haraka. Mwenye mtoto ndiye anayejua.

Swali la ishirini na tatu: hapana. La ishirini na saba, kama amewahi kupata ujauzito: hapana. Akashusha pumzi, akasema "Ashukuriwe Mungu" kwa sauti, peke yake mle ofisini, na angelifunga hapo ingekuwa heri. Akafunua ukurasa. Damu ya mwezi hukaa siku ngapi? Kumi na tatu. Tangu lini? Miezi mitano. Umewahi kukosa shule kwa ajili yake? Ndiyo. Kizunguzungu? Ndiyo, na ameanguka bafuni mara mbili. Swali la arobaini, ukipata tatizo la mwili wako unamwambia nani kwanza? Mama, dada, rafiki, mwalimu, muuguzi, wote wameachwa. Mrefu amezungushia duara "hakuna". Pembeni, kwa mwandiko wake wa haraka, kwa kuwa maneno ya msichana huandikwa kama yalivyosemwa: "Nimempa karatasi ya kwenda kliniki, ameirudisha. Anasema, 'Mama atajua, ataniuliza kama anavyowauliza wa kazini kwake.'"

Aliisoma mara tatu. Iliuma, tena iliuma sana. Alikaa pale mpaka wenzake waliporudi, na mmoja akamuuliza kama anaumwa.

Njia ya mkato ilikuwepo. Angeweza kufika nyumbani, akamtazama binti usoni na kusema, "Mwanangu, mbona umepauka? Twende hospitali." Nani angejua? Aliipanga sentensi hiyo njia nzima. Lakini alipomkuta mtoto amejikunja kitandani, midomo imemkauka, sentensi ile akaiacha.

"Nimefungua dodoso lako," akasema.

Binti aliinuka taratibu. "Mrefu aliniambia ni siri."

"Ni siri. Mrefu hana kosa. Nimeivunja mimi."

"Yule dada uliyemfukuza, si alifanya hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

"Na wewe je?"

"Kesho nitamwambia mkuu wangu. Atakalosema, nitalipokea. Lakini damu hiyo ni nyingi mno, mama yangu. Naogopa. Nakuomba twende kliniki."

Mtoto alilia kwa hasira, akampa mgongo na kuugeukia ukuta. Kisha sauti ikatokea ukutani: "Nitakwenda. Lakini na Mrefu. Wewe usiingie ndani."

Asubuhi alimweleza mtafiti mkuu kila kitu akiwa amesimama. Mkuu, mzee wa maneno machache, aliomba ufunguo wa kabati na kalamu ya kijani, akasema hatagusa dodoso tena. Kama kuna kazi nyingine ya kumpa, ataitwa. Barua ingefuata. Barua kama hiyo Mama Dodoso alikuwa anajua kuiandika vizuri kuliko wote.

Kutoka hapo alikwenda kliniki, akakaa kwenye benchi la nje katikati ya wajawazito na watoto wanaokohoa. Binti na Mrefu walikuwa wameshaingia. Saa ikapita, na nusu nyingine. Mlango ukafunguliwa, Mrefu akainama, akatoka peke yake kutafuta maji ya kunywa.

Mama Dodoso akamdaka mkono. "Wamesema nini?"

Mrefu alimtazama kwa huruma iliyomchoma kuliko ukali. "Dada, mimi nimekula kiapo. Uliniapisha wewe."

Akamwachia.

Binti alipotoka alikuwa na pamba iliyobandikwa kwenye kiwiko na pakiti ya vidonge mkononi. Alisimama mbele ya mama yake, akamwangalia vizuri, kama anayesubiri kitu. Mama mtu maswali yalikuwa yamemjaa mdomoni: ni nini, ni hatari, watapima tena lini, umekula? Akayameza yote, akanyanyuka na kuchukua mkoba wa binti.

"Nitakuambia nikitaka," binti akasema.

"Haya."

Wakamuaga Mrefu, wakaanza kutembea, binti mbele, mama hatua mbili nyuma. Walipofika kwenye ngazi za kushukia barabarani, binti akasimama. Uso ulikuwa umemtoka jasho.

"Mama," akasema bila kugeuka, "nishike, naona kizunguzungu."

Akamshika.