Vidonge Tulivyozika Mavivi

Baba zangu na mama zangu, mimi naitwa Mawazo. Ni Mumbuti. Nilizaliwa msituni, upande wa Manguredjipa. Huko tulirina asali, tuliwinda kwa nyavu, na mdogo wangu Furaha alinifuata kila nilipokwenda. Mama yetu alikufa mapema, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlea. Vita vilipotufukuza tulikuja kwenye kambi ya wakimbizi huko Mavivi, karibu na Beni, tukaishi watu saba chini ya turubai moja: baba yetu, mume wangu, watoto wangu wawili, Furaha na binti yake Neema, na mimi.

Baba ndiye aliyeanza. Alikohoa miezi mingi, mwisho akatema damu, akafa. Baada ya maziko alikuja muganga Masika wa kituo cha afya, mama mwenye sauti ndogo, akatupima wote.

“Hamuko bagonjwa,” alituambia. “Lakini mududu wa kifua kikuu aliingia mu mwili yenu. Sasa analala tu. Hii dawa itamuua kabla aamuke.”

Tulipewa vidonge vya kumeza mara moja kwa juma, miezi mitatu. Aliwakusanya watu wa kambi akaeleza mengine mengi, lakini sisi Wambuti huwa tunakaa nyuma. Hatukusikia yote. Kuuliza hatukuuliza, maana tukiuliza huwa tunachekwa.

Tulimeza mara ya kwanza. Kesho yake Furaha akanijia mbio mimi, dada yake mkubwa.

“Yaya, mukojo yangu iko mwekundu kama damu. Ya Neema pia. Twende tuulize muganga.”

Wangu pia ulikuwa mwekundu. Nilikuwa nimeogopa tangu asubuhi, sikumwambia mtu.

“Hapana kuenda,” nilimjibu. “Banajaribia dawa yabo kwa sisi Bambuti. Mutu hana ugonjwa, anameza dawa ya nini?”

Alinitii. Tulikusanya vidonge vya nyumba nzima, nikachimba shimo nyuma ya choo, tukavizika. Kila alipopita muganga Masika, nilimwambia tunameza.

Mwaka haukuisha, Furaha akaanza kukohoa. Alikoholea ndani ya kitenge chake ili nisisikie. Alikonda mpaka mifupa ya kifua ikahesabika. Nilimpa majani, nikamkanda mgongo. Kituo cha afya nilikiogopa, kwa sababu ya uongo wangu. Siku aliposhindwa kusimama, mume wangu alimbeba mgongoni, tukapata pikipiki hadi hospitali ya Beni.

Daktari alisikiliza kifua chake, kisha akaniangalia mimi. “Na wewe mama, unakohoa tangu lini?”

Sikuwa hata nimejiona mgonjwa. Nilidhani ni moshi na huzuni. Kila asubuhi niliamka nguo zimelowa jasho, na chakula kilikuwa kama udongo mdomoni. Nilitema makohozi katika kikopo, wakayapima, wakakuta ugonjwa.

Furaha alikufa siku ya tisa. Alikuwa ameshika kidole changu. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo linaniuma kuliko kama angenilaumu.

Mimi nilimeza dawa miezi sita. Nilitapika, viungo viliniuma, miguu ilikuwa mizito. Na mkojo ulitoka mwekundu, uleule. Nilipouona nilikaa chini nikalia. Muganga Masika alinikuta hapo, nikamwambia yote, hata lile shimo.

“Hapana damu, mama,” alisema. “Ni rangi ya dawa tu. Nilisema siku ile.”

“Ulisema mbele. Sisi tulikuwa nyuma.”

Alikaa chini karibu nami. Kisha akasema, “Ni kweli. Munisamehe.”

Sasa nimepona. Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, namshukuru na muganga Masika, ambaye siku hizi huanza kwa watu wa nyuma. Natembea naye turubai kwa turubai, mimi ndiye ninayeeleza kwa lugha yetu. Nawaambia: mkojo utabadilika rangi, msiogope. Mkiogopa, ulizeni, hata kama watu watacheka. Na msifiche kikohozi kwa aibu. Mwenye kukohoa aende mapema.

Mume wangu na watoto wangu walipimwa tena, wakameza mpaka mwisho. Neema naye amebakiza juma moja. Ananiita mama. Siku atakayouliza mama yake alikufa na nini, nitamwambia yote, hata neno nililomjibu mama yake siku alipotaka tukamuulize muganga.