Kiambaza cha Dirishani

Nyumba ya ukoo pale ziwani ilisimama tangu enzi za babu wa babu yake Merepeka. Nguzo zake za mti wa totara zilichongwa sura za wahenga, na kati ya nguzo na nguzo palikuwa na kiambaza cha fito zilizofumwa kwa nyuzi za majani makavu. Kile cha karibu na dirisha alikifuma yeye na marehemu mama yake. Unyevu wa ziwa ulikuwa umekila chini.

"Nyumba inafunguliwa kesho," alisema Mzee Hōhepa, msimamizi wa matengenezo. "Kisipokuwa tayari, fundi atapigilia mbao tupu."

"Mbao tupu, mahali pa kazi ya mama?"

"Basi kifume, mwanangu."

Ingekuwa kazi ya mtu mmoja, angeimaliza zamani. Lakini kiambaza hufumwa na wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakipokezana uzi matunduni. Na mfumaji mwingine aliyebaki kijijini ni Rīpeka, binti wa mama yake mdogo, aliyemchukua mume wa Merepeka mchana kweupe. Ukoo mzima ulimsihi Merepeka avumilie, asivunje undugu. Rīpeka hakuambiwa neno.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mzee alisema.

"Na chawa mwenyewe ndiye mnayeniletea, baba."

Mzee alicheka peke yake.

Wanawake wawili wakaketi, kiambaza katikati. Merepeka aliona vidole tu, vikija na kurudi. Rīpeka alikuwa na haraka. Akaruka tundu moja, na msalaba wote wa nyuzi ukaenda kombo.

"Fumua."

"Haitaonekana, dada."

"Mimi nimeiona. Fumua."

Wakafumua, wakaanza upya. Baadaye uzi ukasita upande wa pili.

"Dada, nilitaka kukwambia, kuhusu Tūroa..."

Merepeka aliuvuta uzi mpaka fito zikalia. Hata jina la mumewe alikuwa analisikia kutoka kinywa kile.

"Tundu la tatu," alisema. "Rudisha."

Uzi ukarudi, polepole.

Jioni kiambaza kilipandishwa ukutani. Mzee Hōhepa akawashukuru mbele ya watu, akasema leo ndugu wawili wamepatana, na mama zao huko waliko wamefurahi. Watu wakaitikia. Rīpeka akainamisha kichwa kama bibi harusi.

"Kilichopona ni kiambaza, baba," alisema Merepeka, akabeba kikapu chake, akatoka kabla chakula hakijaandaliwa.