Masizi ya Bi Gia Mbili

Pale gereji tulimwita Bi Gia Mbili, na kusema kweli jina hilo nililianzisha mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki. Alikuwa mwalimu mstaafu, miwani inaning'inia shingoni. Gari lake la dizeli halikuwa limeonja kasi tangu lori limtupe mtaroni miaka minne iliyopita. Alitoka nyumbani hadi hospitali, kilomita mbili tu, mara tatu kwa wiki, kumpeleka mumewe kusafishwa damu. Barabara kuu hakuikanyaga tena, wala gia ya tatu hakuigusa.

Taa ya rangi ya chungwa ilipowaka kwenye dashibodi kwa mara ya tatu, nilimwambia ukweli.

"Mama, chujio la moshi limejaa masizi. Safari zako fupi mno, ekzosi haipati joto la kuyaunguza. Likiziba kabisa gari litagoma, na bei ya chujio jipya ukiisikia utatafuta kiti."

"Na mzee wangu nitampeleka na nini?"

Nikampa njia ya mkato: tulitoboe chujio, yaishe. Wateja wengi hukubali. Yeye alinitazama kama mwanafunzi aliyeiba mtihani.

"Moshi wote huo akauvute nani? Wagonjwa?"

Niliona aibu, sitaficha.

"Basi imebaki moja," nikasema. "Barabara kuu, kila Jumamosi kama leo, nusu saa, kasi ya themanini, bila kusimama. Nipe funguo nikuendeshee."

"Na wiki ijayo ataniendeshea nani? Panda."

Nilipanda, nikafunga mkanda. Aliukumbatia usukani kwa mikono yote miwili. Lori la kwanza lilipotupita alimeza mate, akakanyaga mafuta. Gia ya tatu. Ya nne. Mshale ukafika themanini, ukakaa hapo hapo. Harufu kali ya masizi yanayoungua ikaingia dirishani, nami nikaifurahia kuliko marashi. Dakika ya ishirini na saba, taa ikazimika.

"Tayari!" nikapiga makofi. "Kurudi nishike mimi, Mama, upumzike."

Akaegesha kwenye kituo cha mafuta, akafuta miwani.

"Shuka, fundi."

"Mama?"

"Jumamosi zote zijazo nitakuwa peke yangu. Bora nianze leo."

Nikashuka, sina hata nauli mfukoni. Lori la mchanga lilikuwa linakuja. Alilingoja lipite, akaingia barabarani nyuma yake, akawasha indiketa, akalipita.