Aliyenyonya Mpaka Akashiba

Nyumbani kwa mama mkubwa, Al Khoudh, viatu vilivuliwa ndani. Kwa wenzetu wote viatu huachwa nje ya mlango, na mpita njia akitaka kujua mna wageni wangapi anahesabu. Mama mkubwa aliweka kabati ya mbao nyuma ya mlango, na kila aliyeingia alivulia hapo. Wageni wapya walidhani anachukia vumbi, wakamsifu kwa usafi. Naye aliwaacha wamsifu.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati mwanzoni mwa miaka ya sabini akiwa na mume na mtoto mchanga wa kike. Mimi nilihamia kwake mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipopata nafasi chuo kikuu, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa karibu na mimi siyapendi mabasi. Nilipokuwa mwaka wa tatu mumewe akafariki. Binti yao alikuwa kaolewa Salala, kwa hiyo tulibaki wawili, yeye ndani ya eda na mimi mwanamme pekee wa kumwona.

Mjane kwetu hukaa miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, na mwanamme asiye maharimu wake, yule anayeweza kumuoa, haingii alipo. Mama mkubwa aliishika eda yake sawasawa. Kiyoyozi cha sebuleni kiliharibika na fundi hakuruhusiwa kuvuka geti, tukakaa tunaungua wiki tatu, mimi nikinung'unika na yeye akiniambia kuna watu wana shida kuliko jasho.

Chuoni nilikuwa na rafiki wa kiume. Niseme wazi nisikuchoshe: nilimpenda, naye alinipenda. Jamaa zake walitoka Tabora. Baba yao alikuwa keshafariki, na nyumba aliishika kaka yake mkubwa, msimamizi wa ghala huko Rusayl. Likizo moja nilimwandikia barua. Niliiandika kwa Kiswahili, nikijiona mjanja, kwa sababu wenzetu wengi pale chuoni hawakuijua lugha hiyo na barua ingeweza hata kuanguka darasani bila madhara. Jina langu sikulitia. Kitu kimoja sikukifikiri, nacho ni kwamba barua ile haikuwa inakwenda darasani, ilikuwa inakwenda nyumbani kwao, ambako Kiswahili kilisomwa na kila mtu mpaka bibi. Mpaka leo nikikumbuka naona haya. Mtu msomi, mjinga kiasi hicho.

Rafiki yangu alikuja eda ikiwa katikati, baada ya Adhuhuri, kwa miguu kutoka barabara kuu, jua likiwa kali. Kanzu ilikuwa na damu mgongoni na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimevimba. Kaka yake alianza na bakora, ilipovunjika akachukua mpira wa maji. Alitaka jina la mwandishi. Hakulipata.

Mimi nilisimama getini nikimzuia. Sijivunii. Nilikuwa nikifikiri eda, nikifikiri majirani, na kusema kweli nilikuwa nikijifikiria mwenyewe zaidi.

"Nani huyo?" mama mkubwa aliuliza kutoka ndani.

"Rafiki yangu. Kaumizwa."

"Na nani?"

"Na kaka yake."

"Kwa lipi?"

Rafiki yangu akajibu mwenyewe, pale pale getini: "Kwa barua, mama."

"Mwingize," mama mkubwa akasema.

"Mama mkubwa, uko edani."

"Nnajua nilipo. Mwingize mtoto wa watu, asinifie mlangoni."

Aliletewa maji ya moto na chumvi. Mama mkubwa alimfunga vidole kwa vipande vya kanga, hakuuliza jambo, akamlaza chumba cha binti yake. Mimi nilishika beseni.

Kaka yake alifika baada ya Alasiri. Alikuwa mtu mwenye adabu zake, na hilo ndilo lililonitisha. Alitoa salamu, akasimama nje ya geti na hakutia mguu ndani, maana alijua mna mjane. Mama mkubwa alizungumza naye kutoka nyuma ya mlango wa sebule, na mimi nilikuwa katikati yao, uani.

"Mama, pole kwa msiba. Nimekuja kumchukua mdogo wangu."

"Mdogo wako kalala."

"Wewe uko edani, mama, na yule kwako ni mwanamme ajnabi. Mimi nakustahi, ndiyo maana nasimama hapa. Lakini watu watasema nini?"

Nikajua tumekwisha. Alikuwa na haki kwa kila neno, na mama mkubwa hakuwa mtu wa kuichezea dini. Kisha kaka mtu akatoa barua mfukoni. "Na hii uisome, ujue umemfungulia mlango nani." Akanipa mimi niipeleke. Nikaichukua barua yangu mwenyewe, nikavuka nayo ua, nikaipitisha mlangoni. Sijawahi kwenda mwendo mrefu namna ile.

Mama mkubwa aliisoma yote. Mwandiko wangu aliujua vizuri, kwani barua zake kwa binti yake alikuwa akitaja yeye, naandika mimi. Nilisikia karatasi ikikunjwa.

"Mama, naomba barua yangu," kaka mtu alisema.

"Ipo kifuani kwangu. Njoo uichukue."

Kaka mtu akabaki pale pale nje ya geti. Mama mkubwa akaendelea kwa sauti ile ile ya kuagizia vitunguu: "Na huyu si ajnabi. Huyu nimemnyonyesha."

Kwa dini yetu, mtoto aliyenyonya ziwa la mwanamke ni mwanawe. Anamwona, anakaa naye, analala nyumbani kwake, eda isiwe eda. Na jambo lenyewe liliwezekana. Miaka ile walipofika kutoka Afrika, mama mkubwa na mama wa rafiki yangu walikaa nyumba za ua mmoja, Matrah, kila mmoja na mtoto mchanga. Kaka mtu alilijua hilo, alikuwa mtoto wa miaka saba wakati huo. Akafikiri. "Nitamuuliza mama," akasema.

"Kamuulize. Mlete hapa aseme."

Alipoondoka niliingia ndani. "Mama mkubwa, wewe hukuwa na maziwa. Binti yako kakulia maziwa ya kopo."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Mara mia."

"Basi nimesahau," akasema, akaenda kutia udhu.

Niliogopa. Barua ilikuwa yangu, na mwenye kupigwa alikuwa mwingine. Kama mama wa rafiki yangu angesema hapana, ingebidi mwanawe atoke arudi kwa mpira wa maji, na mama mkubwa angevunjiwa heshima mji mzima, mjane aliyeficha kijana ndani ya eda. Nilijiambia kwamba ikifika hapo nitasema mimi ndiye niliyeandika. Sijui kama ningesema.

Kaka mtu na mama yao walikuja siku ya pili asubuhi. Mama yake alikuwa mwembamba, mfupi, abaya limemzidi, na mkononi kabeba mfuko wa plastiki. Kaka mtu alibaki getini, akitusikia. Rafiki yangu alikaa sakafuni, kaegemea ukuta. Mama yake hakumsalimu. Aliutazama ule mkono uliofungwa kanga, akauweka mfuko kando ya mto, akakaa. Nikamtilia kahawa.

"Mama, waambie," kaka mtu alisema kutoka nje. "Alimnyonyesha, hakumnyonyesha?"

Mama yake alikunywa kahawa taratibu. Akanipa kikombe nikaongeza. Akanywa cha pili, akakitikisa kuonyesha imetosha, akanirudishia. Mama mkubwa hakumtazama, alikuwa akichambua tende ambazo zilikuwa safi.

"Alimnyonyesha," mama yake akasema. "Nilikuwa na homa, sina fahamu."

"Mara ngapi?" Kaka mtu alikuwa akihudhuria darasa za msikitini, alijua la kuuliza, maana wapo masheikh wanaohesabu idadi ya kunyonya.

"Mpaka akashiba."

Baada ya muda tukasikia gari ikiwashwa, na mama yake akainuka. Alimshika mkono mama mkubwa, akauachia, akapita mbele ya mwanawe bila kumgusa. Mfuko aliuacha. Tulipoufungua tulikuta kanzu tatu zimepigwa pasi, kofia na mswaki. Kwa hiyo alipotoka nyumbani kwake alikuwa keshajua atasema nini.

Rafiki yangu akaishi pale. Kaka yake alimpiga marufuku kwao, lakini kumtoa kwetu hakuweza, maana mtoto kukaa kwa mama yake wa kunyonya ni jambo la halali na kila mtu alilijua. Eda ilipokwisha, kabati ya viatu ikatengenezwa. Alhamisi baada ya Alasiri wakaanza kuja wengine, mmoja mmoja: mwalimu wa shule, muuguzi, kijana wa gereji Wadi Kabir mwenye kovu shingoni, wasichana wawili waliojulikana kama binamu. Hatukufanya lolote la ajabu. Tulikunywa chai ya maziwa, tukala mkate wa ufuta, tukagombana kuhusu mpira. Mtu aliweza kucheka kwa sauti yake mwenyewe kwa saa mbili, kisha anavaa viatu, anakwenda zake. Mama mkubwa alikaa kwenye kona yake akishona kofia, na aliyekuja na alama za kupigwa alipewa maji ya chumvi kwanza, chai baadaye. Kuuliza alikuwa haulizi. Barua yangu hakunirudishia, na mimi sikuwa na uso wa kuiomba.

Mama yake rafiki yangu alikuja kila mwezi, asubuhi, kumtembelea mama mkubwa. Ndivyo alivyoaga kwake. Alikaa na mwanawe sebuleni wakimenya vitunguu.

Mama mkubwa alifariki katikati ya miaka ya elfu mbili. Makaburini walihitajika maharimu wa kushuka naye kaburini, tukashuka mimi na rafiki yangu. Kaka yake alikuwapo, ndevu zimeingia mvi, kasimama na watu. Miaka kumi alikuwa akiwaambia watu kwamba mdogo wake anaishi kwa mama yake wa kunyonya, sasa angesema nini?

Tuliporudi msibani, mama wa rafiki yangu alimtuma msichana aniite. Nilimkuta kwenye ujia wa mlangoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kabati ya viatu. Alikuwa amezeeka sana na jicho moja halioni.

"Nani kashuka naye?"

"Mimi na mwanawe."

"Mwanawe," akarudia. Akapangusa goti lake, ingawa halikuwa na kitu. "Siku yangu mimi, kaka yake hatamruhusu. Atasema huyu ana mama yake, na keshamzika."

Nilisema Mungu akupe umri, kama watu wasemavyo.

"Umri ninao wa kutosha," akasema. "Sikiliza. Wewe unajua kuandika. Mwandiko wako ni mzuri, nilishausoma. Niandikie barua, nitie dole gumba, uiweke. Siku hiyo wasomee pale pale, mbele ya watu. Waambie na mimi nilimnyonyesha."