Kopo la Tatu

Kila ninapolowesha maharage, harufu yake mbichi ikapanda, namkumbuka yule msichana niliyekaa naye dawati moja.

Mwalimu wa sayansi alituchagua wawili kwa maonesho ya Haydom. Tupande maharage kwenye makopo matatu. Mawili tuyamwagilie, la tatu tuliache mpaka mche unyauke. Tuliyaweka dirishani kwetu. Ajabu, mche wa kopo la tatu ndio ulisitawi kuliko yote.

"Unaumwagilia wewe," nilimwambia mwenzangu.

"Haki ya Mungu siyo mimi."

Sikumwamini. Mbona kila jioni alipita kwetu kuchungulia? Nikamsema kwa mwalimu, akaondolewa. Aliniachia daftari la michoro yetu, akaenda zake analia.

Mche ukazidi kunenepa. Ndipo nikamwaga majivu chini ya dirisha, nione nyayo za nani. Asubuhi nikakuta alama za katambuga, zile ndala za tairi, zimetoka zizini, bibi yangu anakokamulia ng'ombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alikuwa anasuuza kibuyu cha maziwa, na yale maji akayamimina kwenye kopo la tatu, mimi namwangalia. "Hebu niambie, hiki kimche kilikukosea nini hata ukinyime maji?"

Nikalificha kopo darini mpaka mche ukakauka.

Siku ya maonesho mwalimu aliushika mche ule mkavu, akatabasamu. "Umeona? Tangu mwenzako aondoke, umenyauka."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.