Njia ya Kwenda Kwenye Mizinga ya Babu

Tulikuwa sita. Nyanya, mama wa baba yangu, aliyezaliwa upande wa Embu karibu na Manyatta, akaolewa huku kwetu Meru. Mama. Shangazi, dada ya baba, mjane mwenye mgongo wa punda. Kaka yangu mkubwa, ambaye mguu wake mmoja ulikauka tangu utotoni, ndiyo maana hakuchukuliwa siku baba alipopelekwa kizuizini. Mimi, wa kuchota maji. Na msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mchumba wa kaka. Majina yote ninayo mdomoni, hata la mbuzi wetu, lakini sitayaandika. Wana wajukuu wanaojua kusoma kunishinda mimi niliyeishia darasa la pili.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akiwasaka wapiganaji wa msituni. Tulikuwa tumetolewa mashambani tukarundikwa kijiji kimoja, mtaro umezunguka pande zote, vijiti vya mianzi vilivyochongwa vimejaa ndani yake. Mtaro huo tuliuchimba wenyewe. Lango moja. Saa kumi na mbili jioni filimbi inalia, lango linafungwa, na aliye nje si mtu tena, ni shabaha.

Sasa shida yetu ilikuwa asali. Kwetu mahari inaweza kusubiri ng'ombe, inaweza kusubiri mbuzi, lakini bila chombo cha asali wazee hawakai chini. Baba ya msichana alimwita Nyanya akamwambia wazi, "Mama, mawele yakivunwa bila asali, nitamwoza binti yangu kwa mtu mwingine. Siwezi kukaa na msichana mkubwa ndani ya uzio huu wenye bunduki."

Nyanya akasema, "Utapata."

"Kwa miguu ya nani?"

Mizinga ya marehemu babu ilikuwa msituni juu, mwendo wa siku mbili, na msitu ulikuwa umekatazwa. Mwanamume akionekana huko anapigwa risasi kabla ya kuulizwa jina. Alibaki mwanamke, na mwanamke kwetu hafungui mzinga. Hata njia Nyanya aliijua kwa masikio tu, kwa kusimuliwa na mumewe miaka mingi.

Basi safari ikapangwa jikoni kwetu, saa ya kupika. Nyanya alitandaza majivu akachora kwa kijiti. "Mto wa kwanza unavuka. Wa pili unavuka pale penye jiwe jeupe. Hapo unashika kushoto, njia ya ndovu, mpaka mianzi. Pango liko hapa. Utalala humo, na moto usiwashe." Siku ya pili mizinga. Siku ya tatu kurudi, kulala karibu na ukingo wa msitu. Chakula kiwe kikavu: unga wa mawele uliokaangwa, ndizi za kuchoma, kwa sababu moshi ungetuitia askari. Mama alirudia kila kitu kama katekisimu. Akikosea, Nyanya anafuta majivu, wanaanza upya.

"Na ndovu akiwa kwenye njia yake?" Mama aliuliza.

"Mpishe. Yeye hana haraka, wewe unayo."

Shangazi akacheka. "Mwambie una kipande cha ruhusa, wifi."

Kutoka ndiyo ilikuwa kazi. Jumatatu na Alhamisi wanawake walipelekwa ukingo wa msitu kuokota kuni, wakisindikizwa na homgadi, mlinzi mwenyeji aliyepewa bunduki na serikali. Na homgadi wetu alikuwa mtu wa huku. Kumhesabu mtu kwetu ni kumwitia kifo. Kwa hiyo asubuhi alihesabu mikanda ya kubebea, jioni akahesabu mizigo. Hakuwahi kutuhesabu sisi. Shangazi aliona tundu hapo. Jumatatu angebeba mizigo miwili kwa mmoja, aifungue karibu na lango, na Mama abaki msituni. Alhamisi Shangazi angetoka na mkanda, arudi mikono mitupu, eti alikuwa akitafuta dawa ya tumbo, na Mama arudi na mzigo wake, asali katikati ya kuni.

Majuma matatu tulipanga. Nisiwadanganye, yalikuwa majuma mazuri kuliko yote ya kijiji kile. Ndani ya mtaro ule mimi niliujua msitu wote, na nilikuwa sijaukanyaga.

Jumapili Nyanya alimtemea Mama mate ya baraka kifuani, akamkabidhi bunda la kinyesi kikavu cha ng'ombe alilolifunga kwa magome, la kufukizia nyuki. "Mume wangu atakusamehe," akasema. "Nyuki sijui."

Jumatatu tulipofika langoni, mimi nikiwa miongoni mwao mara ya kwanza, tukamkuta afisa mzungu na askari mgeni, mtu wa mbali, hatukusikia lugha yake. Alitupanga mstari akatugusa vichwa kwa fimbo, mmoja mmoja, akitaja namba kwa sauti. Wanawake walilia. Bunduki tulikuwa tumeizoea, lakini hiyo! Shangazi aliniambia kwa meno, "Imekwisha." Tulikuwa tumefikiria ndovu, mvua, nyuki. Hatukufikiria kwamba kuna mtu duniani anayeweza kuhesabu watu.

Homgadi wetu alipekua nguo baada ya hapo. Akafika kwa Mama, akalitoa lile bunda. Alilinusa. Akamvuta pembeni, mbali na mzungu.

"Mama, unaenda kupika au kufukiza nyuki?" alisema, na akacheka kidogo. Kisha akashusha sauti, sikusikia tena. Niliona midomo ya Mama ikitembea. Niliona ameinua vidole viwili, halafu mkono wake ukaenda kushoto. Homgadi akalitia bunda ndani ya koti lake, akasema kwa sauti, "Huyu hana kitu."

Tulirudi na kuni. Mama hakuwekwa ndani, na sisi hatukubaki yatima. Hilo nalijua.

Mawele yalipovunwa, homgadi alifika kwa baba ya msichana na chombo kilichojaa asali, akamposa yeye. Nyanya, kama mkubwa, alionjeshwa. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu. Nyumbani akauliza, "Nani alimwonyesha njia?" Mama alikuwa akipuliza moto. Aliendelea kupuliza. Na kusema kwamba ile mizinga ni yetu ingekuwa kujifunga wenyewe, kwa hiyo tukanyamaza wote. Kaka alichukua kijiti kilichochora njia akakitia motoni. Alikuja kuoa baada ya mtaro kufukiwa, mwanamke mwema, lakini asali hakula tena.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Kama siku ile ilikuwa Alhamisi, nisahihisheni. Kama ulikuwa kwenye mstari ule mbele yangu na masikio yako yalisikia zaidi, tafadhali sema. Labda Mama aliinua vidole viwili kuomba siku mbili tu za ruhusa. Labda mkono ulienda kushoto kufukuza nzi. Nitafurahi sana kuambiwa nimekosea.