Elia na bushi ya motokaa ya Mjerumani

Jamani, akili yangu imegoma kabisa. Elia Chibago hayupo! Juzi jioni tumeagana getini akinicheka, jana asubuhi napigiwa simu kwamba moyo umesimama.

Kwa ambao hamkumjua: Elia alikuwa fundi wa kumimina shaba kiwandani kwetu hapa Dodoma, tunapotengeneza pistoni za injini na bushi, zile pete za shaba ambamo vyuma huzunguka. Mgogo wa Chamwino. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wake. Msinishangae nikicheka humu, watani ndivyo tunavyozikana.

Kiwandani kuna ubao wa historia. Ulisema tu kwamba karakana ya kwanza ilijengwa na Mjerumani, reli ilipofika. Elia akipita pale lazima asonye.

Kwa simulizi za kwao, motokaa ya bwana mmoja wa Kijerumani ilikufa hapa, bushi ya injini imelika. Spea ingetoka Ulaya kwa meli. Baba wa babu yake, mhunzi Chibago, akafinyanga kalibu ya udongo, akamimina shaba humo ikawa bushi, motokaa ikawaka! Ndipo Mjerumani akajenga karakana, ili mzee amfanyie kazi humo.

"Babu yako alimbebea Mjerumani mizigo kichwani," alinitania kila shift. "Wa kwangu alimtengenezea motokaa!"

Alitaka kitu kimoja tu, jina la mzee liwe ubaoni.

Meneja akamwambia kwenye meeting, "Evidence iko wapi, Elia?"

"Subiri open day, bosi. Nitaimimina bushi kama mzee, mbele yako."

Siku hiyo ya wageni kuona kiwanda, tanuru la umeme alilikataa. Alileta mkaa, udongo na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Akatuamuru wote tuvue viatu, maana ukoo wao haukanyagi mahali pa moto na viatu. Meneja naye akavua. Soksi ina tundu, Mungu wangu!

Shangazi yake alitoka kijijini kuja kubariki kazi. Shaba imeshaiva, mama wa watu akajaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya kalibu, pwaa! Elia alijua kabisa kalibu yenye maji haimiminiwi shaba. Lakini nani amkataze shangazi? Akamimina.

Shaba ikaruka kama bisi. Tulikimbia pekupeku mpaka kwenye mbigili, na meneja wetu mbele!

"Shangazi, shikamoo," Elia akasema akihema. "Sasa naomba utubariki sisi, kalibu tuiache kavu."

"Marahaba, mwanangu. Ungesema mapema."

Mara ya pili ikakubali. Tukaichonga bushi, tukaivisha kwenye injini ya jenereta kuukuu, ikanguruma. Elia alilia mbele ya watu wote, na mimi nikalia. Meneja akampa mkono, akasema jina litaandikwa.

Likasubiri sahihi za wakubwa, wiki baada ya wiki. Juzi pale getini Elia ananiambia, "Mtani, fundi rangi anakuja kesho!"

Na kweli alikuja. Aliandika jina la mzee wakati sisi tupo njiani kwenda msibani. Elia hakuliona, na hilo linaniuma sana.

Leo tumemzika. Nimelizuia jeneza kama mtani, nikadai jogoo ndipo lipite, nikapewa. Shangazi amecheka mpaka kanga imemdondoka.

Tukiwa bado kaburini meneja akaninong'oneza, "Jina la Elia tuliweke wapi?"

Nikamwambia, chini ya mzee wake. Herufi ziwe ndogo kidogo, asije akaringa.

Jumatatu fundi rangi anarudi, na nitamshikia ngazi mwenyewe. Lala, mtani wangu. Lala salama, fundi mwana wa mafundi.